Ule waya wa boza si waya wa arthi

Nimetumiwa picha ileile tena. Caravan, ndege ndogo ya Cessna, imeegeshwa, boza liko mbele ya bawa, mwenzetu, mjazaji mafuta kama mimi, amesimama kwenye ngazi ameshika nozeli, na mtu amechora duara jekundu kuzunguka waya unaotoka kwenye boza kwenda kwenye ndege. Chini ameandika: "Waya haujagusa ardhi, hawa watakuja kuua watu." Hii ni mara ya nne mwaka huu. Mara moja aliyeniuliza alikuwa rubani mwanafunzi. Mara nyingine, na hiyo ndiyo iliyoniuma, alikuwa mtu anayefundisha usalama kazini.

Waya ule haupaswi kugusa ardhi. Mwenzetu kwenye picha amefanya sawasawa.

Kwanza niondoe dogo. Caravan ina pangaboi moja, kwa hiyo watu wanadhani inanyweshwa petroli. Injini yake ni ya tabo, jamii ya jeti, inatumia Jet A-1, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, kama Boeing. Vile vi-Cessna 172 na 206 vyenye injini ya pistoni ndivyo vinavyotumia Avgas, petroli ya ndege, ambayo ile ya 100LL ina rangi ya buluu. Kuchanganya hayo mawili kumeangusha ndege, na ndiyo maana nasoma kibandiko pembeni ya mdomo wa tangi hata kwa ndege niliyoijaza asubuhi hiyohiyo.

Sasa waya. Mafuta yakitembea kwenye bomba yanazalisha umeme tuli, na yakipita kwenye chujio la boza yanazalisha mwingi zaidi, kwa sababu humo yanagusana na eneo kubwa mno la nyuzinyuzi. Chaji ya aina moja inaondoka na mafuta kuingia kwenye ndege. Ya aina ya pili inabaki kwenye boza. Boza limesimama juu ya matairi ya mpira, ndege nayo vivyo hivyo. Ukiendelea kupampu bila kuviunganisha, tofauti kati yao inakua, na itatafuta pa kurukia. Pa kurukia pa karibu ni pale nozeli inapokutana na mdomo wa tangi, penye mivuke. Waya unaipa chaji iliyobaki kwenye boza njia ya kwenda kukutana na mwenzake, na tofauti haijengeki. Hata kama boza na ndege vyote vina volti elfu moja ukilinganisha na lami, almradi ni elfu moja zilezile, kati yao hakuna cheche. Ardhi haina kazi hapo.

Najua swali linalofuata: basi ongezeni na arthi, yaani waya wa kwenda ardhini, kuna ubaya gani? Zamani ilikuwa hivyo. Nilifundishwa kufunga nyaya tatu, na wazee walionifundisha hawakukosea kwa kanuni za wakati wao. Hata NFPA 407, kanuni ya Marekani ya kujaza mafuta ndege, ilidai arthi kisha ikaacha. Sababu ni mbili. Arthi haizuii cheche kwenye uso wa mafuta ndani ya tangi. Na mashine ya umeme inayoihudumia ndege ikipata hitilafu, umeme huo mkubwa unaweza kupita kwenye waya wako mwembamba wa arthi na kuuyeyusha, ukawa umejiletea moto kwa mkono wako mwenyewe. Nakiri kwamba nimewahi kuchomeka arthi kwa sababu tu rubani alisimama pembeni akisisitiza. Sirudii.

Na kuna jambo ambalo hata wanaoutetea waya wanalisahau: ndani ya tangi, waya hauwezi kuharakisha kitu. Mafuta yanaingia na chaji yake, na chaji hiyo lazima isafiri ndani ya mafuta yenyewe hadi ifike kwenye ukuta wa tangi. Kasi yake inategemea mafuta yanapitisha umeme kiasi gani. Ndiyo sababu Jet A-1 hutiwa kiongezi, miligramu chache tu kwa lita, ili yafike kati ya pikosimensi (kipimo cha kupitisha umeme) 50 na 600 kwa mita. Kwenye 50, chaji inapungua hadi kama theluthi kwa muda usiofika nusu sekunde. Kwenye 1, inahitaji kama sekunde 18. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Kipimo kinachukuliwa depo, lakini kiongezi hupungua njiani, na mafuta yakipoa yanapitisha umeme kidogo zaidi. Namba niliyoandikiwa mchana wa joto la Dar es Salaam si lazima iwe ileile kwenye boza langu saa kumi na mbili asubuhi chini ya Mlima Meru. Karatasi ni halali, lakini mimi napunguza mwendo wa pampu mwanzoni.

Shaka yangu nyingine ni rangi. Kibanio cha waya kikikaa juu ya rangi ya ndege, ambayo haipitishi umeme, una pambo tu. Tunaupima waya kwa mita kwa ratiba, lakini hakuna anayepima kila mara kama kibanio kimeng'ata chuma cha ndege. Natafuta sehemu iliyoandaliwa kwa kazi hiyo, mbali na matundu ya hewa ya tangi, kwa maana cheche ikiruka wakati wa kuunganisha, irukie huko.

Ukitaka kutupiga picha ya kutushtaki, angalia waya wa pili, ule mfupi ulio kwenye nozeli. Kwa ndege inayojazwa juu ya bawa, unachomekwa kabla kifuniko cha tangi hakijafunguliwa, na unatolewa baada ya kufungwa. Ukiona kifuniko kiko wazi na waya huo unaning'inia, piga kelele. Ndege kubwa zinazojazwa chini ya bawa hazina waya huo, maana kiungo chenyewe ni chuma kwa chuma.

Simu: naiweka mbali, nisiangalie ujumbe wakati mkono uko kwenye swichi ya mafuta. Abiria ndani wakati wa kujaza: inaruhusiwa kwa masharti, mikanda ikiwa imefunguliwa na wahudumu wakiwa tayari kuwatoa. Na Jet A-1 hayatoi mivuke ya kutosha kuwaka chini ya nyuzi 38, tofauti kabisa na petroli, ila yakiruka kama ukungu hesabu hiyo haipo tena. Septemba 5, 2001, kule Denver, pete ya kuunganishia mpira wa mafuta ilikatika kwenye bawa la Boeing 777 ya British Airways. Mafuta yakaruka, yakawaka, na mjazaji akafariki kwa majeraha. Abiria na wahudumu walitoka salama. Chanzo kilikuwa pete iliyochoka kwa kuvutwa na mpira kwa pembe mbaya, safari baada ya safari. Tangu nisome habari hiyo, siegeshi boza mahali ambapo mpira utakaza.

Waya unanitia hofu zaidi porini, kwenye viwanja vya changarawe ambako tunajaza kutoka kwenye pipa kwa pampu ya mkono. Huko watu wanafika na faneli ya plastiki. Plastiki inashika chaji na haiachi, na hakuna waya utakaoiokoa. Leta ya chuma. Unganisha pipa na ndege, pampu na pipa, nozeli na ndege, kisha ndiyo ufungue kifuniko. Ukimaliza, funga kifuniko kwanza, halafu rudi nyuma kwa mpangilio uleule hadi waya wa pipa, ambao unatoka mwisho.