Louise Arbour hakuwa jaji wa Arusha

Ikitajwa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, hakosekani wa kusema, "Yule mama Mkanada, jaji." Louise Arbour alikuwa jaji kweli, lakini kwao Kanada. Arusha hakutoa hukumu hata moja. Mwaka 1996 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilimteua kuwa mwendesha mashtaka mkuu baada ya Richard Goldstone wa Afrika Kusini, tena wa mahakama mbili kwa mpigo: ya Rwanda na ya iliyokuwa Yugoslavia. Yeye alikaa The Hague, Uholanzi, wachunguzi wake wa Rwanda walikuwa Kigali, na kesi zikaunguruma Arusha, kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa.

Tofauti hiyo ni kubwa. Jaji husubiri kesi imfikie mezani. Mwendesha mashtaka ndiye huamua nani asakwe na ashtakiwe kwa lipi. Julai 18, 1997, jijini Nairobi, polisi wa Kenya wakishirikiana na wachunguzi wa Arbour walimkamata Jean Kambanda, waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari. Mei 1998 alikiri makosa, na Septemba akafungwa maisha.

Kuna dhana nyingine, na hii ndiyo inayoniuma zaidi: kwamba ubakaji ulikuwa kwenye hati za mashtaka tangu mwanzo. Haukuwepo. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilianza Januari 1997 bila shtaka hilo. Shahidi mmoja, mama, akiwa kizimbani kueleza mambo mengine, akasema binti yake wa miaka sita alibakwa. Majaji wakauliza zaidi. Mashahidi wengine wakafuata, mashirika ya wanawake yakapaza sauti, na Juni mwaka huo ofisi ya Arbour ikaongeza mashtaka ya ukatili wa kingono. Septemba 2, 1998 Akayesu akatiwa hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kuwa ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mama yule ndiye aliyefungua mlango.

Wengine husema Arbour alimfunga Slobodan Milosevic. Alimshtaki, Mei 1999, akiwa bado rais wa Yugoslavia madarakani; hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kumshtaki mkuu wa nchi aliye kitini kabla ya hapo. Milosevic alifia mahabusu Machi 2006, kabla ya hukumu. Wala mahakama hizi mbili si ile ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoshughulikia kesi za Kenya. ICC ilianza kazi Julai 2002, Arbour akiwa ameshaondoka.

Na hakupanda ngazi kutoka uhakimu wa chini. Alifundisha sheria katika chuo cha Osgoode Hall, Toronto, hadi 1987 alipoteuliwa moja kwa moja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Ontario. Mwaka 1999 aliingia Mahakama ya Juu ya Kanada, ambako angeweza kukaa mpaka miaka 75. Aliondoka 2004, akiwa na 57, kuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2008 kiti hicho kilichukuliwa na Navanethem Pillay, mmoja wa majaji watatu waliomsikiliza Arusha yule mama shahidi wa kesi ya Akayesu.