Nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa

Wengi wanaokuja kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hutuambia hifadhidata yao ina nakala rudufu, inajitengeneza yenyewe kila usiku. Sisi huuliza: mara ya mwisho mliirejesha lini kwenye seva nyingine mkaona majedwali yote yapo? Hapo ndipo watu hutazamana.

Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu, alikuwa akihangaika usiku na seva ya akiba iliyogoma kwenda sambamba na seva kuu. Akatoa amri ya kufuta data. Kumbe alikuwa ndani ya seva kuu. Alipoikatiza, takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimeshakwenda.

Kosa hilo laweza kumpata yeyote aliyechoka. Lililofuata ndilo zito. Nakala za kila siku hazikuwepo: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata waliokuwa wakiutumia, na hifadhidata yenyewe ni toleo la 9.6, basi ikawa inakwama. Barua pepe za kuwaarifu kuhusu kukwama huko nazo zilikuwa zikikataliwa. Walinusurika kwa nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ilipotea.

Kwa hiyo, kila mwezi rejesha nakala kwenye mashine tupu, hesabu rekodi, andika imechukua muda gani. Na nakala moja ikae nje ya jengo.

Kabla ya kutoa amri ya UPDATE (kubadilisha) au DELETE (kufuta), endesha SELECT (kuonyesha tu) yenye WHERE, yaani sharti, ileile uone itagusa safumlalo ngapi. Kisha anza na BEGIN, ili mabadiliko yasithibitishwe mpaka useme. Idadi isipolingana, toa ROLLBACK, yarudi nyuma. Wanaotumia MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, wakumbuke kwamba bila BEGIN kila amri huthibitishwa papo hapo, na majedwali ya aina ya MyISAM hayarudi nyuma hata ukianza na BEGIN.

Kuna uharibifu ambao nakala rudufu haiponyi, kwa sababu huunakili pia. Namba ya simu ikiwekwa kama namba kamili, sifuri ya mwanzo huondoka siku ya kwanza. Fedha zikiwekwa kwenye FLOAT, aina ya namba za makadirio, hesabu hupishana kwa senti, tumia DECIMAL, inayotunza desimali kamili. Katika hifadhidata ya shule, malipo yasiyofungwa kwa ufunguo wa kigeni, yaani kiungo kati ya jedwali la malipo na la wanafunzi, yatabaki hata mwanafunzi akifutwa, na mhasibu hatajua ni ya nani.

Tena, programu ya tovuti isiingie kwenye hifadhidata kwa akaunti ya root, yenye ruhusa zote. Kusajili wanafunzi hakuhitaji ruhusa ya DROP, amri ya kufuta jedwali zima.