916, 750, 925: kusoma tarakimu zilizogongwa kwenye pambo la dhahabu

Geuza pete ya dhahabu uitazame kwa ndani. Mara nyingi utakuta tarakimu tatu zilizogongwa: 916, 750, 585 au 375. Zinakuambia kwamba katika kila sehemu 1,000 za uzito wa madini ya pete hiyo, sehemu ngapi ni dhahabu. Masonara wetu huzungumza zaidi kwa karati, na dhahabu tupu ni karati 24. Karati 22 ndiyo 916, karati 21 ni 875, karati 18 ni 750. Kinachobaki ni shaba, fedha au zinki, kwa kuwa dhahabu tupu ni laini mno na hupinda upesi. Pete ya gramu 4 yenye 750 ina gramu 3 tu za dhahabu.

Tarakimu inayowaponza wengi ni 925. Hiyo ni alama ya fedha. Mkufu wa njano wenye 925 ni fedha iliyopakwa dhahabu. Herufi GP zikifuata 18K, nalo ni pambo la kupakwa, hata muuzaji akikusomea 18K peke yake.

Mhuri lakini ni neno la aliyeugonga, na mhuri wa uongo hugongwa kwa nyundo ileile. Ndiyo maana Uingereza, tangu mwaka 1300, sheria ilitaka vyombo vya fedha vipimwe na kutiwa alama na wengine kabla havijatoka mkononi mwa sonara. India nayo, tangu Aprili 2023, hairuhusu pambo la dhahabu lenye mhuri wa serikali kuuzwa bila namba yake ya pekee, ambayo herufi na tarakimu zake kwa jumla ni sita.

Sonara akitaka kuhakiki, husugua pambo kwenye jiwe jeusi hadi ubaki mstari, kando yake husugua dhahabu ya karati inayojulikana, kisha hudondoshea asidi. Mstari wa shaba hutoweka; wa dhahabu nzuri hubaki. Kwa jicho lililozoea, kipimo hiki kinafaa sana. Mashine ya eksirei hutoa asilimia ndani ya dakika moja bila kukwaruza chochote, ila miale yake husoma ngozi ya juu tu, na pambo lililopakwa kwa unene huweza kuidanganya. Sumaku isikutulize kabisa: shaba na fedha nazo hazivutwi.

Kipimo tunachokitegemea pakiwa na ubishi ni cha moto. Kipande kidogo hukatwa, hupimwa uzito, huongezwa fedha, hufungwa kwa madini ya risasi na kuingizwa kwenye tanuru la nyuzi zaidi ya 1,000. Risasi huondoka na shaba, asidi ya nitriki huyeyusha fedha, na dhahabu iliyobaki hupimwa tena.

Unaponunua, dai risiti inayotaja karati, na uzito wa dhahabu uandikwe mbali na wa vito. Kioo kikipimwa pamoja na pete, unakilipia kwa bei ya dhahabu.