Wiki nne za mifupa: anzia wodini

Wanafunzi wa udaktari wanaokuja kwetu Tanga kujifunza upasuaji wa mifupa, wa vyuo vya hapa na wa ng'ambo, karibu wote huanza na swali moja: "Dokta, thieta ni siku gani?" Nawaelewa, hamu yao ni chumba cha upasuaji. Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeutaka ubingwa huu huenda hospitali za ugenini kwa mwezi mmoja mmoja, na mwezi huo ni usaili mrefu: wanampima kama watapenda kufanya naye kazi miaka mitano. Lazima aonekane. Mimi namwambia aanzie wodini.

Wodi ya wanaume imejaa vijana wa bodaboda. Asubuhi moja, raundi imeshapita, binti aliyekuwa na siku tatu tu kwetu alirudi kumjulia hali dereva aliyevunjika muundi. Alifungwa plasta usiku, akachomwa sindano ya maumivu, na bado alikuwa anasaga meno. Binti akashika kidole gumba cha mguu, akakinyanyua taratibu. Kijana alipiga yowe wodi nzima ikageuka. Binti akaja mbio kuniita.

Misuli ya muundi imefungiwa ndani ya vyumba vinne vya utando mgumu usiotanuka. Uvimbe ukijaa humo, shinikizo hupanda mpaka damu ishindwe kulisha msuli, na baada ya saa sita hivi msuli huanza kufa moja kwa moja. Mapigo ya damu unyayoni huwa bado yapo! Ukisubiri yapotee umeshachelewa. Maumivu yaliyozidi jeraha lenyewe, yanayopanda ukinyoosha kidole, hayo ndiyo ya kuyaamini. Tulipasua plasta pamoja na pamba yake hadi ngozi ikaonekana (pamba wengi huisahau), mguu tukaulaza usawa wa moyo. Maumivu hayakupungua. Tukaingia thieta, tukafungua vyumba vyote vinne. Kijana yupo Ngamiani, hapa hapa Tanga, anatembea.

Yule binti hata kushona kulikuwa bado kunampa shida.

Kwa wageni, neno la kwanza ni shikamoo. Bibi aliyevunjika nyonga, akakandwa wiki mbili kwa mganga wa mifupa kabla ya kuja, ukimkemea hatakwambia kitu.

Thieta utaingia, na utaona msumari wa SIGN (chuma kirefu cha kuunga mfupa uliovunjika) unavyofungwa ndani ya mfupa wa paja bila eksirei mezani. Ila usikose kliniki ya miguu kifundo, ya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Plasta inabadilishwa kila wiki, kuanzia vidoleni hadi pajani, mara tano au sita hivi, na wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino. Kisha viatu vyenye chuma: saa 23 kwa siku miezi mitatu, halafu wakati wa kulala hadi mtoto afike miaka minne. Akiviacha mapema, mguu unarudi kupinda. Kazi yako hapo ni kukaa benchi moja na mama, umuulize nani nyumbani humvua mtoto vile viatu anapolia usiku.