Kadi imepinda? Usiongeze gundi

"Gundi haikutosha." Hiyo ndiyo sababu ya kwanza inayotajwa kila kadi iliyotengenezwa kwa mkono inapoanza kujikunja. Mteja anayerudisha kadi za pongezi husema hivyo, anayejifunza kazi husema hivyo, na muuza vifaa vya shule wa Kariakoo naye huitikia, kisha humtolea chupa kubwa zaidi. Mtu anarudi nyumbani na nusu lita ya gundi nyeupe, anaimwaga kama anayesakafia nyumba, na kesho yake kadi imepinda kuliko ya jana. Dhana hii inaharibu karatasi nzuri kila wiki, kwa hiyo itapewa nafasi kubwa hapa. Nyingine zitapita kwa ufupi.

"Gundi ikiwa nyingi ndiyo inashika"

Haishiki zaidi. Gundi nyeupe ni chembe za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Haifanyi kazi mpaka maji yatoke: mengine yananywewa na karatasi, mengine yanakwenda hewani. Kinachobaki ni utando mwembamba, na utando huo ndio unaoshika. Ukipaka safu nene huongezi mshiko, unaongeza maji, na sehemu kubwa ya maji hayo inaingia kwenye karatasi.

Karatasi ni nyuzi. Uzi ukinywa maji hunenepa sana na kurefuka kidogo mno. Mashine inayotengeneza karatasi hulaza nyuzi nyingi upande mmoja, ule inakokimbilia, kwa hiyo karatasi ikilowa haitanuki sawasawa. Hutanuka zaidi kukatiza nyuzi. Sasa fuata kinachotokea. Umepaka gundi kwenye kipande cha juu, kimelowa, kimetanuka. Umekibandika kikiwa hivyo hivyo. Usiku kinakauka na kurudi kwenye ukubwa wake, lakini kimeshashikana na kadi, kwa hiyo kinaivuta. Asubuhi unaikuta kadi imejikunja kuelekea upande uliobandikwa. Gundi ilishika vizuri kabisa. Isingeshika, kipande kingebanduka na kadi ingebaki imenyooka.

Ndiyo maana kabla ya kulaumu chochote, itazame kadi yenyewe, itakwambia. Ikijikunja kuelekea kwenye kipande ulichobandika, ni maji. Ikiwa na mawimbi madogo katikati, ni maji pia, na gundi haikusambazwa sawa. Pembe zikiinuka huku katikati pametulia, gundi haikufika ukingoni, au kadi ilitolewa kwenye uzito mapema. Hii ya mwisho ndiyo pekee inayohitaji gundi zaidi, nayo inaihitaji kwenye milimita tatu za ukingo, si kote.

Kipimo kinachofaa ni hiki. Kwa kipande cha mbele cha kadi ya A6 (milimita 105 kwa 148), tuseme kipande cha milimita 95 kwa 138, weka matone matano ya ukubwa wa punje ya choroko. Matano. Yasambaze kwa kipande cha kadi ngumu kilichokatwa kwa unyoofu, ukianzia katikati kwenda nje, mpaka ukiinamisha karatasi kwenye mwanga uone inang'aa sawasawa bila mchirizi mweupe. Paka kwenye kipande kidogo kinachobandikwa, kamwe si kwenye kadi yenyewe. Kilaze kwa kuanzia ukingo mmoja, funika kwa karatasi safi, kisha sugua kwa kitambaa kikavu kutoka katikati. Gundi ikichungulia pembeni, ilikuwa nyingi; punguza tone moja kwenye kadi inayofuata.

Halafu uzito. Weka kadi katikati ya karatasi mbili safi za ofisini na juu yake vitabu vizito. Baada ya dakika kumi badilisha zile karatasi mbili, maana zimeshanywa maji na ukiziacha zitayarudisha kwenye kadi. Hatua hii ya kubadilisha ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayotofautisha kadi iliyonyooka na iliyopinda. Acha saa moja kwa uchache. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, acha mpaka kesho yake. Hewa ya Dar imeshajaa unyevu na maji ya gundi hayaondoki haraka.

Usianike juani. Usiweke mbele ya feni. Upande unaopigwa na jua au upepo hukauka kwanza, hujikaza kwanza, na kadi hupinda hata kama gundi ilikuwa sahihi. Kadi hukauka ikiwa imebanwa, pande zote mbili kwa pamoja, basi.

Ikiwa kipande cha mbele ni kikubwa na unajua kitavuta, bandika karatasi nyeupe upande wa ndani wa jalada hilo hilo, kwa gundi ile ile na kiasi kile kile, nyuzi zake zikielekea sawa na za kipande cha nje. Kipande cha nje kikivuta huku, cha ndani kinavuta kule, na jalada linakaa katikati. Ile karatasi nyeupe ya kuandikia inayoonekana ndani ya kadi nzuri ina kazi mbili, na kupendezesha ni ya pili.

Kuna njia ya kuyakwepa maji kabisa. Picha na vipande vikubwa vibandikwe kwa selotepu ya pande mbili, milimita tatu kutoka ukingoni, pande zote nne. Gundi ya kijiti ina maji machache na inafaa karatasi juu ya karatasi, mradi kijiti kifike hadi kwenye pembe. Gundi nyeupe ibaki kwa vipande vidogo: maua, herufi, vikunjo vya karatasi, tone moja kwa ncha ya kijiti cha meno. Gundi ya unga wa ngano iache jikoni. Ni maji karibu yote, na kwenye unyevu wetu huota ukungu na kuita mende.

"Mkunjo umepasuka kwa sababu karatasi ni feki"

Hii inafuata kwa karibu, na inatokana na nyuzi zile zile. Kadi ikikunjwa sambamba na nyuzi, nyuzi hupisha na mkunjo hutoka laini. Ikikunjwa kwa kuzikatiza, nyuzi zinavunjika, na rangi ya juu inapasuka ikaonyesha weupe wa ndani. Karatasi ni ile ile, pakiti ile ile, bei ile ile.

Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazoelekea urefu wake, ule wa milimita 297. Lakini usiamini, pima. Ipinde karatasi taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, ukiikandamiza kwa kiganja. Upande mmoja unakubali kwa urahisi, mwingine unasukuma mkono. Mstari wa mpindo unaokubali ndio mwelekeo wa nyuzi. Ukibaki na shaka, kata kipande kidogo cha mraba, ulowanishe upande mmoja kwa kidole: kitajiviringisha kama bomba, na bomba hilo limelala sambamba na nyuzi. Chora mshale wa penseli nyuma ya kila karatasi kabla ya kukata chochote. Wanaochora mshale hawapati shida hii tena.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalitambui. A4 moja inatoa kadi mbili za A6, na kuna njia mbili za kuigawa. Ukiikata kwa kukatiza, katikati ya urefu wake, unapata vipande viwili vya milimita 210 kwa 148. Kila kimoja ukikikunja kati kwa kati, mkunjo unakwenda sambamba na nyuzi. Ukiikata kwa urefu, unapata vipande viwili vya milimita 105 kwa 297. Ukikikunja, mkunjo unazikatiza nyuzi. Kadi zote mbili zina ukubwa sawa, zinaingia bahasha moja, na moja itapasuka mgongoni. Kwa sababu hiyo hiyo A4 nzima ikikunjwa mara moja kuwa kadi ya A5 hupasuka sana: mkunjo wake unakatiza nyuzi. Kwa kadi ya A5 tafuta karatasi kubwa, uikate mwenyewe ukifuata mshale.

Na kabla ya kukunja, chora mfereji. Karatasi yoyote ya gramu 160 kwenda juu (uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo) haikunjwi kwa kidole. Weka rula ya chuma, pitisha kalamu iliyoishiwa wino, mara mbili kwa mkono mwepesi, juu ya gazeti lililokunjwa ili mfereji upate pa kuzama. Kisha kunja kuelekea nyuma ya mfereji: bonde libaki nje ya kadi, tuta liingie ndani. Wengi hukunja kinyume, kwa sababu bonde linaonekana kama mahali pa kukunjia. Ukikunja kinyume unazivuta nyuzi za nje kuliko zinavyoweza.

"Karatasi nene ndiyo kadi ya heshima"

Gramu 250 zinatosha kwa kadi ya kusimama. Ukishaongeza kipande cha mbele cha gramu 120 na karatasi ya ndani ya gramu 80, mkono unahisi uzito wa kutosha. Gramu 350 ni za maboksi. Hazikunjiki vizuri kwa mkono, na zinahitaji wembe upite mara tano badala ya tatu. Heshima ya kadi iko kwenye kingo zilizokatwa safi. Badilisha wembe mara unapoanza kuacha manyoya, wala usikatie juu ya kioo, kinauua makali haraka.

"Kitenge kinabandikwa kwa supaglu"

Hapana, na hili ni la usalama. Supaglu ikikutana na pamba hupata joto ghafla na inaweza kukuunguza vidole. Ikikauka inakuwa ngumu kama kucha, inaacha doa, na kitambaa kinavunjika kwenye mkunjo. Gundi nyeupe nayo hupenya na kutokea upande wa mbele wa kitenge. Nenda kwa fundi cherehani, omba kipande cha ile gamu ya kola inayobandikwa kwa pasi. Ibandike nyuma ya kitenge kwanza, halafu ndipo ukate umbo. Kingo hazichanuki, kitambaa kinakuwa kigumu kama karatasi, na selotepu ya pande mbili inakishika bila tatizo.

"Rangi ni rangi"

Wachoraji wa Tingatinga wanatumia rangi ya mafuta, na juu ya ubao au turubai inang'aa vizuri. Juu ya karatasi isiyopakwa kitu, mafuta yanatembea, na baada ya siku chache kila umbo linazungukwa na kivuli cha njano. Kwenye kadi tumia akriliki, rangi inayochanganyika na maji, tabaka nyembamba, ukiiacha ikauke kati ya tabaka na tabaka. Vivyo hivyo kwa maandishi: wino wa printa nyingi za wino huchuja ukiguswa na gundi ya maji, wa printa ya leza hauchuji, ila unabanduka ukipita juu ya mkunjo. Maneno yasivuke mgongo wa kadi.

"Kadi ya kuchomoza inataka mashine"

Kadi ambayo kipande chake huinuka inapofunguliwa inataka rula na hesabu moja. Kadi ikiwa imekunjwa, kata mikato miwili yenye urefu sawa kuanzia kwenye mkunjo, chora mfereji kuunganisha ncha zake, fungua, na usukume kipande hicho ndani. Umepata ngazi ya kubandikia ua au jina. Kosa linalorudiwa ni kukata kirefu mno. Kadi ikifungwa, ngazi hiyo hufika mara mbili ya urefu wa mkato, kwa hiyo mkato usizidi nusu ya upana wa ukurasa. Kwa A6 yenye upana wa milimita 105, ishia 50, na punguza tena kulingana na ukubwa wa kile utakachokibandika mbele yake. Usipopunguza, ua litachungulia nje kadi ikifungwa.

"Bahasha tutatafuta baadaye"

Bahasha ya C6 ni milimita 114 kwa 162. Kadi bapa ya A6 inaingia ikiwa na nafasi ya milimita 9 huku na 14 kule. Ukiweka maua yenye kimo cha milimita 6 mambo yanabadilika: kwenye upana na kwenye urefu wa kadi jumlisha hizo 6 na milimita 5 za kupumua. Utapata 116 kwa 159. Urefu unatosha, upana unapungua milimita mbili, na hizo mbili ndizo zinazochana pembe za bahasha njiani. Ama punguza upana wa kadi hadi milimita 100 tangu mwanzo, ama ukate bahasha yako kwa karatasi ya gramu 120, nayo nyuzi zake zikielekea sambamba na mikunjo mirefu.