Shilingi ya Tanzania mkononi: noti, sarafu na chenji

Ukiambiwa bei ni "buku jero", toa 1,500. Buku ni elfu moja, jero ni mia tano, na noti nyekundu ya elfu kumi wengi huiita msimbazi, kwa rangi ya jezi za Simba, klabu ya mtaa wa Msimbazi. Laki ni elfu mia moja. Asiyeyajua haya atahangaika sokoni hata awe amekariri viwango vyote vya kubadilishia fedha.

Shilingi hii ilianza tarehe 14 Juni 1966, siku ileile Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango. Ilichukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki, moja kwa moja. Kenya na Uganda nazo zilitoa za kwao mwaka huohuo, ndiyo maana jina ni moja na thamani ni tatu. Ukiwa Namanga au Horohoro, mpakani na Kenya, usikubali bei ya "shilingi mia tano" kabla hujauliza ni za nani: shilingi moja ya Kenya ni takribani ishirini za Tanzania.

Noti zinazotumika ni nne: 1,000 ya bluu yenye sura ya Mwalimu Nyerere, 2,000 ya kahawia yenye simba, 5,000 ya zambarau yenye faru na 10,000 nyekundu yenye tembo. Sarafu ni za 50 (hii ina pande saba), 100, 200 na 500. Noti ya 500 yenye Karume ilichakaa haraka kwa sababu ilipita mikono mingi mno kwa siku: konda, gengeni, kwa mama ntilie, inarudi kwa konda. Sarafu yake, ile yenye nyati, ikatoka 2014. Muda wa kuibadilisha noti hiyo, pamoja na noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, uliisha tarehe 5 Aprili 2025. Mteja akikuletea leo, mrudishie kwa upole. Si malipo tena.

Kuikagua noti hakuhitaji mashine. Papasa kwanza: uchapaji wa noti halali una sehemu zilizonyanyuka, kidole kinazihisi. Kisha iinue kwenye mwanga. Sura ya Mwalimu itajitokeza ndani ya karatasi, na uzi wa usalama utauona. Bandia nyingi hukwama hapo, maana sura inakuwa imechapwa juu juu na inaonekana hata noti ikiwa imelala mezani. Kosa la wauzaji ni kuangalia rangi tu, tena usiku chini ya taa ya kibandani. Na tafadhali, burungutu lifungwe kwa mpira, si kwa pini za stepla. Tundu la pini leo ni mpasuko kesho.

Kwenye risiti utaona 1,500/=. Kushoto kwa mkwaju (/) ni shilingi, kulia ni senti, na alama ya = inasema senti hakuna. Shilingi moja bado ni senti 100 kwa hesabu za vitabu, lakini dukani hakuna wa kukudai senti.

Tabu halisi ya kila siku ni chenji. Konda wa asubuhi hana 9,000 ya kumrudishia kila abiria anayetoa msimbazi, na jibu lake linajulikana: "Sina chenji, subiri." Ivunje noti kubwa jioni, kituo cha mafuta au supamaketi, ubaki na buku na sarafu za kutosha nauli. Mwenye duka naye atenge sarafu tangu anapofungua, la sivyo atawalipa wateja kwa pipi, jambo linaloudhi kuliko bei yenyewe.

Kwa malipo ya simu, tofauti iko kwenye kutoa. Kuweka pesa kwa wakala hakukatwi, kuitoa kunakatwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "nitumie elfu ishirini na ya kutolea", anataka 20,000 kamili mkononi, nawe uongeze ada ya kutoa juu yake. Soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Tarakimu moja ikikosewa, pesa inaingia kwa mtu usiyemjua, na kuirudisha kunahitaji uwahi kabla hajaitoa.