Maji Maangavu Si Ushahidi: Jinsi ya Kupima Umumunyifu wa Kemikali zenye Tabia ya Sabuni

Mtu akileta maabara chumvi fulani na kuuliza ni kiasi gani kinayeyuka katika lita moja ya maji, kazi hiyo inaelezeka kwa maneno machache. Tunatia unga mwingi kuliko maji yanavyoweza kuubeba, tunatikisa, tunauacha uliozidi utuame, kisha tunapima kilichomo ndani ya maji. Akileta kiungo cha sabuni ya maji, utaratibu huohuo hutoa jibu lisilofaa. Ubaya ni kwamba jibu lenyewe mara nyingi linavutia: namba nadhifu, tena maji yametulia na hayana hata chembe.

Kemikali hizi, ambazo wataalamu huziita safaktanti, zina molekuli yenye tabia mbili. Kichwa kinapenda maji, mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni unayakimbia. Ukitia kiasi kidogo, molekuli nyingi hupanda hadi kwenye mpaka wa maji na hewa, vichwa vikiwa majini na mikia ikiwa juu. Hapo ndipo mvutano wa uso wa maji, yaani nguvu inayoufanya uso ujikaze kama ngozi, unaposhuka. Maji safi kwenye nyuzi 20 za Selsiasi yana mvutano wa takriban milinyutoni 72.8 kwa mita. Kwa mujibu wa kanuni za vipimo za Umoja wa Ulaya, kemikali inayoushusha chini ya 60, katika mmumunyo (maji yenye kemikali iliyoyeyuka) usiozidi gramu 1 kwa lita, huhesabiwa kuwa safaktanti.

Ukizidi kuongeza, uso hujaa kama mkeka uliokwisha kukaliwa wote, na anayefika baadaye hana pa kukaa. Molekuli zinazofuata hukusanyika ndani ya maji kwenyewe, mikia ikifichwa katikati na vichwa vikitazama nje. Vifundo hivyo huitwa miseli. Katika sodiamu dodesili salfeti, maarufu kwa kifupi SDS, miseli moja ina molekuli kama 60 na upana wa nanomita 4 au 5 hivi.

Upana huo ndio kiini cha tatizo letu. Chujio la kawaida la maabara lina matundu ya mikromita 0.45, yaani nanomita 450, na miseli hupita humo bila hata kugusa kingo. Mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, inayotenganisha unga na maji vizuri sana, nayo haizishushi chini. Jicho halizioni, maana ni ndogo mno kutawanya mwanga kiasi cha kuyafanya maji yawe na ukungu. Kwa hiyo tunachopima baada ya kuchuja ni jumla ya vitu viwili: molekuli zilizo peke yake, na zile zilizojifungia kwenye miseli.

Mwongozo namba 105 wa OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, uliorekebishwa mwaka 1995, ndio unaotumiwa na maabara nyingi duniani kupima umumunyifu, yaani kiasi cha juu kinachoyeyuka majini. Katika njia yake ya chupa, sampuli hutikiswa kwenye nyuzi 30, hurudishwa kwenye nyuzi 20, na kupimwa baada ya siku moja, mbili na tatu. Matokeo ya mwisho yakitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15, muda huongezwa. Ni utaratibu mzuri kwa vitu vya kawaida. Lakini ukitikisa safaktanti, unapata povu, au vitone vya mafuta vilivyotawanyika, au miseli, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho mmumunyo halisi.

Ndiyo maana tunauliza swali jingine: ni katika ukolezi gani, yaani kiasi gani cha kemikali katika kila lita, molekuli zilizo peke yake huacha kuongezeka? Jibu ni ukolezi ambao miseli huanza kujitokeza. Kwa SDS kwenye nyuzi 25 ni takriban milimoli 8.2 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), sawa na gramu 2.4 hivi. Linganisha na mmumunyo wa gramu 100 kwa lita ambao maabara za biolojia huuweka kama akiba, mwangavu kabisa. Tofauti inapita mara 40. Mwongozo wa Wakala wa Kemikali wa Ulaya unaelekeza kwamba katika kutathmini hatari kwa mazingira, ukolezi huo wa kuanza kwa miseli ndio uchukuliwe kuwa kikomo cha umumunyifu wa safaktanti. Nakubaliana nao. Hesabu za kukadiria kemikali itaelekea wapi, majini, kwenye tope au mwilini mwa samaki, zinategemea molekuli zilizo huru. Ukiweka humo namba iliyokuzwa mara 40, kila kinachofuata kitapotoka.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mitambo mikubwa. Agnes Pockels, mwanamke wa Kijerumani ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, alichunguza uso wa maji nyumbani kwake kwa vifaa alivyovitengeneza mwenyewe, na barua yake kwa Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Kiingereza, ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891. Leo tunatumia pete au bamba la platini linaloning'inia kwenye mizani nyeti. Tunaandaa mfululizo wa mimumunyo kuanzia hafifu sana, tunapima mvutano wa kila mmoja, kisha tunachora mvutano dhidi ya logi ya ukolezi. Mstari hushuka, halafu hulala. Pale mistari miwili inapokutana ndipo namba yetu ilipo.

Usafi hapa si jambo la kujisifia. Alama ya kidole ndani ya chombo inatosha kuharibu kipimo, na pete huchomwa kwenye moto kabla ya kutumika. Subira nayo inahitajika, kwa sababu molekuli kubwa huchelewa kufika juu. Ukisoma mizani mapema utaandika mvutano ulio juu kuliko ukweli. Ishara moja napenda kuitafuta kwenye mchoro: kishimo kabla ya mstari kulala. Katika SDS, kishimo hicho kwa kawaida huonyesha uchafu wa dodekanoli, alkoholi inayotokana na SDS yenyewe ikivunjwa na maji. Sampuli ya namna hiyo isafishwe kwanza. Kwa safaktanti zenye chaji ya umeme, upitishaji umeme hutoa ushahidi wa pili, maana mteremko wake hupungua miseli zikianza.

Joto halina budi kuandikwa. Safaktanti yenye chaji ina kiwango cha joto, kilichopewa jina la mkemia Friedrich Krafft, ambacho chini yake miseli hazijiundi. Hapo unga hutuama na umumunyifu wa kawaida hupimika. Zisizo na chaji huwa na kinyume chake: zikipashwa moto kupita kiasi, maji hugeuka ukungu na kujitenga. Chumvi nayo hubadilisha mambo. Ndani ya maji yenye moli 0.1 ya chumvi ya kawaida kwa lita, miseli za SDS huanza kwenye milimoli 1.5 hivi, kwa hiyo aina ya maji yaliyotumika iandikwe kwenye ripoti.

Bidhaa za viwandani huleta usumbufu zaidi. Nyingi ni mchanganyiko wa mikia mirefu na mifupi, na mstari wao haukunjiki kwa kona moja, hupinda polepole. Katika hali hiyo sipendi kuona namba moja yenye desimali tatu. Iandikwe kuanzia ukolezi ambapo mstari unaanza kupinda hadi pale unapolala, na mchoro wenyewe uambatishwe.